Vumbi Usoni kwa Baba

Mashine haina kosa. Nalisema hili mapema kwa sababu mdogo wangu ameuzunguka ukoo mzima akisema ni mashine. Skana ni nini? Ni sanduku bapa lenye kioo juu na kifuniko. Unalaza karatasi, unafunika, taa inatembea chini ya kioo huku ikiguna kama mzee anayeinuka kitini, na kilicholala pale kinatokea kwenye kompyuta. Basi. Inachukua ulichoipa. Kilichoiharibu picha ya baba yetu ni mkono wa mtu, na mtu huyo tumenyonya ziwa moja.

Mimi ni fundi cherehani, na nikikasirika nasikika mpaka mtaa wa pili. Sijifichi. Nashonea nyumbani, sebuleni, kando ya dirisha kubwa, kwa sababu Mama anaishi nami na siwezi kumwacha peke yake. Macho yake yanakufa. Akikutazama moja kwa moja haoni kitu ila ukungu. Inabidi ageuze kichwa pembeni kama kuku anayechungulia punje, ndipo akupate kwa pembe ya jicho. Daktari alitueleza kwa upole kwamba kilichokwisha kuondoka hakirudi, na kilichobaki kitafuata. Mama alisikiliza yote akiwa amekunja mikono.

“Nimebakiwa na muda gani?” akauliza.

Daktari akazunguka wee, mwisho akasema miezi, pengine mwaka.

Tulipotoka mlangoni Mama akanishika mkono. “Basi nitafutieni baba yenu,” akasema. “Mkubwa. Ukubwa wa dirisha. Nataka nimwone mpaka mwisho.”

Hapo lazima nieleze jambo moja, maana ndilo kiini cha ugomvi wote. Baba alifariki zamani, mdogo wangu akiwa bado anavaa kaptura za shule, na alituachia picha moja tu ya uso wake. Aliugua ndui utotoni. Ndui ilimwachia vishimo uso mzima, mashavuni, puani, hadi kwenye kope la jicho moja. Kamera aliikimbia kama mtoto anavyokimbia sindano. Walipokuwa wachumba Mama ndiye aliyemburuta hadi studio, akamwambia bila picha hakuna ndoa. Mpiga picha akamkalisha kando ya dirisha, mwanga ukampiga ubavuni, na kila shimo likajaa kivuli. Baba alipoiona picha aliichukia papo hapo. Mama akaitia kwenye fremu akaitundika.

Ndipo ukaanza mchezo wao. Kila asubuhi Baba akitoka kwenda kazini alipita ukutani, akaigeuza picha itazame ukuta. Mama akimaliza kufagia, akaigeuza tena itazame chumba. Hawakuwahi kugombana juu yake, hata kuitaja hawakuitaja. Huyu anageuza, yule anageuza, siku zote za ndoa yao. Sisi watoto tulidhani kila nyumba ina picha ya kugeuzwa.

Picha yenyewe haizidi kiganja. Kwa miaka yote ile ilikuwa imegandamana na kioo cha fremu, huwezi kuibandua. Macho yalipoanza kumtupa, Mama aliishika karibu, kisha karibu zaidi, mpaka pua ikawa inagusa kioo. Siku moja akaishusha mapajani akasema, “Sasa naona koti tu.” Nilikuwa napiga pasi suruali ya mteja, nikaiacha mpaka ikanuka moto.

Mdogo wangu tunamwita Mheshimiwa, maana tangu utoto hawezi kuomba maji ya kunywa bila hotuba. Anafanya kazi ofisini, ana kiyoyozi na kiti kinachozunguka. Nyumbani kwake ana kompyuta na hiyo skana, aliyoinunua kwa ajili ya vyeti vya watoto. Nilipomweleza matakwa ya Mama aliweka mkono kifuani.

“Dada, hilo niachie mimi. Baba atatoka kama yuko hai.”

“Si unaweka tu kwenye kioo, unafunika?”

Akacheka. “Dada jamani, ile si pasi. Kuna programu. Kuna kupanga nukta ngapi kwa kila inchi, kuna rangi, kuna kukata kingo. Wewe shona nguo.”

Nikanyamaza. Ndiyo, mimi, nikanyamaza! Mama akaifunga ile fremu kwa taulo lake mwenyewe, akamkabidhi kwa mikono miwili, na kabla hajaiachia akasema, “Ni huyo huyo mmoja, baba'angu.” Mheshimiwa akasema anajua.

Alirudi Jumapili pamoja na mkewe, wifi yangu, wamebeba kitu kimefunikwa shuka. Wamevaa. Mheshimiwa ametia tai. Akasimama katikati ya sebule yangu, akasukuma cherehani langu kando kwa goti, akaanza: kwamba leo ni siku adhimu, kwamba teknolojia ikitumiwa kwa upendo... Mama akamkata. “Nionyeshe, mwanangu, jua linashuka.”

Akavuta shuka. Ilikuwa fremu mpya nyeusi, kubwa kweli, na ndani yake Baba kwenye karatasi nene, koti na tai ya kuazima ya studio. Mama akainuka. Akaifuata kwa kupapasa migongo ya viti, akaisogelea, akageuza kichwa pembeni. Akageuza kichwa upande wa pili. Akarudi nyuma hatua moja, akasogea tena.

“Huyu nani?” akasema.

Mheshimiwa akacheka kwa raha. “Mama! Si Baba huyo!”

“Nakuuliza huyu nani. Koti nalijua. Sikio nalijua. Huyu bwana aliyevaa koti la mume wangu ni nani?”

Akarudi kitini kwake, akakaa akiwapa mgongo. Nami ndipo nikatazama vizuri. Uso ulikuwa laini kama yai lililomenywa! Hakuna kishimo hata kimoja. Mashavu yanang'aa, pua imenyooka, kope safi. Alifanana na wale wanaume wanaochorwa kwenye makopo ya mafuta ya nywele.

“Mmemfanya nini?” nikauliza.

“Ni mashine, dada.” Mheshimiwa alikuwa tayari amelegeza tai. “Ile programu ina kusafisha yenyewe. Kioo cha fremu kilikuwa na vumbi na mikwaruzo, si unajua. Sasa ikiona kidoa, inadhani vumbi, inafuta. Mimi ningejuaje?”

Nikaamini. Mashine haijui ndui, nikasema moyoni, itajuaje? “Haya, hakuna neno,” nikamwambia. “Kairudie bila hayo masafisho. Ile ndogo iko wapi?”

Akatazama viatu vyake. Nikamtazama wifi, naye akafungua mkoba taratibu kama mtu anayetoa panya, akanipa ile fremu ya zamani. Ndani yake kulikuwa na yule yule bwana wa mafuta ya nywele, mdogo, mpya, anayenukia wino.

“Nilitaka nimshangaze Mama,” Mheshimiwa akasema. “Niliona hata fremu ya zamani ipate picha safi.”

“Nimekuuliza ile ndogo iko wapi.”

Basi akaeleza, na kila neno lilinichoma. Alipokwisha kuiskani alitaka kuitoa aweke ile mpya, ikakataa kutoka kwenye kioo. Akailoweka kwenye beseni la maji ya vuguvugu. Akaivuta. Ikatoka vipande vipande, vingine vikabaki kwenye kioo, vingine vikayeyuka mikononi mwake kama mkate kwenye chai. Kioo amekihifadhi, akasema, amekifunga kwenye gazeti, kipo nyumbani. Alilisema hilo la gazeti kana kwamba nimpe hongera.

Maneno niliyomwambia siyarudii hapa. Mtu mwenye adabu asingeyasema, na mimi niliyasema mara mbili, mara ya pili kwa sauti zaidi. Wifi alilia. Majirani walizima redio zao wasikie vizuri. Mama alikaa ametazama dirisha asiloliona, na nilipomwuliza kama anataka chai akasema hapana, anataka watu waende kwao.

Kesho yake sikufungua kazi. Nilikuwa nimewaza usiku kucha kitandani: kama uso umebaki kwenye kioo, na skana inaona kupitia kioo, si nikiweke kile kioo chenyewe juu ya skana? Nikamwomba jirani akae na Mama, nikatia kwenye mkoba miwani yangu na gauni la mteja lililobaki pindo, nikaenda.

Wifi alinifungulia akiwa na macho mekundu. Yeye sina ugomvi naye. Kosa lake ni kuolewa kwetu. Mheshimiwa alikuwa kazini. Skana ilikuwa kwenye meza ya chumbani, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya bibi. Tukafungua gazeti. Wifi akafuta skana kwa khanga laini ya mtoto, tukakilaza kioo cha fremu, tukashusha kifuniko polepole kisije kikapasuka. Akafungua programu, akabonyeza kitufe cha kuonyesha kwanza, yaani kile kinachokupa picha ya kutazama tu, kabla hujaamua kuihifadhi. Taa ikaanza kutembea. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

Kwenye kompyuta likatokea sikio. Likatokea koti, bega moja, na kipande cha paji la uso. Katikati kulikuwa na weupe mtupu. Mashavu yalikuwa yameondoka na karatasi, na karatasi ilikwisha mwagwa pamoja na maji ya beseni.

“Jaribu kuongeza nukta,” nikasema. Wifi akaongeza. Weupe ukawa weupe mkubwa zaidi.

Nililia kwa hasira, kilio kibaya, cha kukoroma. Wifi akanipa kitambaa. Nilipokuwa najifuta, macho yangu yakaangukia pembeni ya skrini, penye visanduku vidogo vya kutia tiki. “Hiki ni nini?” nikamwuliza, maana maandishi yale si ya lugha yangu.

“Hicho ni kurudisha rangi iliyopauka. Hicho ni kurekebisha mwanga. Hicho cha chini ni kuondoa vumbi na mikwaruzo.”

“Mbona hakina tiki?”

“Huwa hakina, wifi. Hii programu ukiifungua inarudi ilivyokuja. Mimi kila nikiskani ripoti za watoto naanza upya kupanga, inaniudhi kweli.”

Akasita. Nikamwona anasita. Tukatazamana.

“Tia tiki,” nikamwambia.

Akatia. Chini yake pakafunguka machaguo mengine: kidogo, wastani, juu. Nikatoa lile gauni kwenye mkoba. Kitambaa chake kilikuwa cha bluu chenye vidoti vyeupe vidogo kama punje za ulezi. Nikaondoa kioo cha Baba kwa mikono miwili, nikalaza pindo la gauni. Tukaanza na kidogo: vidoti vyote vipo. Tukaweka wastani: vimefifia, lakini vipo, ukivitafuta unavipata. Tukaweka juu. Taa ikaenda, ikarudi, na gauni la mteja wangu likatokea la bluu tupu.

Kumbe! Kumbe mtu alitia tiki kwa mkono wake, akashuka, akapita kidogo, akapita wastani, akaenda kuchagua juu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga hawakukosea.

Mheshimiwa hurudi mchana kula. Tulimsikia anaegesha gari, anapiga mluzi. Mluzi! Akaingia chumbani, akaniona nimekaa kwenye kiti chake, mkewe amesimama pembeni, na kwenye skrini gauni lisilo na vidoti.

“Dada, karibu. Mbona hukunipigia simu?”

“Njoo utie tiki nikuone.”

“Tiki gani?”

“Ile iliyojitia yenyewe.”

Alianza hotuba. Akasema programu hizi zina tabia, akasema pengine toleo jipya. Wifi akasema kimyakimya, “Baba watoto, acha.” Akaacha. Akaketi ukingoni mwa kitanda, kiganja juu ya kiganja, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaongea bila utangulizi.

“Nilipobonyeza kuonyesha kwanza, alitokea kama alivyokuwa,” akasema. “Mkubwa, skrini nzima. Sijawahi kumwona Baba mkubwa vile, dada. Nikakumbuka shuleni. Unakumbuka walivyokuwa wananiita?”

“Sikumbuki.”

“Mtoto wa Chekeche, kwa yale matundu ya Baba. Siku ile aliponiletea kalamu niliyoisahau, alisimama mlangoni mwa darasa akatabasamu, na darasa zima likaangua kicheko. Na mimi nilicheka. Nilicheka nao, ili wasijue. Basi nikatia tiki. Nikasema nimpumzishe.”

“Umpumzishe nani?”

Akanyanyua kichwa, na hapo naye akawaka. “Yeye! Mwenyewe alikuwa haitaki! Kila siku asubuhi alikuwa anaigeuza, wewe si uliona? Kila siku! Maisha yake yote ameona aibu ya ile picha. Nimemfanyia alichotaka, na ninyi mnanifanya muuaji!”

Nikamtazama, na pua ile ni ya Baba, na taya lile ni la Baba, na uso wote laini mtupu, wala hajapata ndui wala hajapata shida. Ndipo jibu likanijia.

“Alikuwa anaigeuza,” nikasema. “Hakuichana. Mikono alikuwa nayo. Angetaka kuichana angeichana siku ya kwanza. Alikuwa anajua kuna mtu atakuja kuigeuza tena. Wewe umemnyang'anya mtu huyo. Inuka, vaa viatu, ukamwambie Mama kwa mdomo wako.”

“Dada, nina kikao saa nane.”

“Nitakuja kukifanyia hapo ofisini hicho kikao.”

Aliinuka.

Mama alikuwa pale pale kitini, jirani anamsimulia habari za kodi za watu. Jirani alipotuona tulivyo, aliaga haraka, ingawa hakwenda mbali. Fremu kubwa ilikuwa imeegemezwa ukutani, Mama ameitupia shuka. Mheshimiwa akapiga magoti, akamwambia yote. Tiki akaisema, beseni akalisema. Na la Chekeche akalisema.

Mimi nilisubiri Mama amtandike. Nilikuwa nimemkusanyia hata maneno, kama angepungukiwa.

“Walikuwa wanakuita hivyo,” Mama akasema, “na hukuniambia.”

“Ningesemaje, Mama?”

“Ungesema tu. Ningekwenda kuwatwanga, wao na mwalimu wao.” Akavuta pumzi. “Na baba yako angekucheka. Ofisini kwao walimwita Chekeche, yeye anaitika. Sogea. Hapana, usipige magoti kama mgeni, chukua kigoda ukae.”

Akakaa. Mama akanyoosha mikono, akaupata uso wake, akaushika kama anavyoshika bakuli. Akapitisha vidole gumba juu ya mashavu, taratibu, huku midomo yake inacheza kama mtu anayekumbuka njia ya zamani.

“Uso ni ule ule,” akasema. “Umekosa kazi tu. Fundi!”

Mimi ndiye fundi. “Labeka, Mama.”

“Leta sindano.”

“Ya nini?”

“Mimi nimewahi kukuuliza nguo zako unazishonea nini? Leta sindano, na lile pandikizi la bwana mlitoe kwenye kioo.”

Nikaelewa nusu, nusu nyingine nikaielewa nilipokuwa nalegeza misumari ya fremu. Nikalaza ile karatasi nene juu ya meza yangu ya kupigia pasi, chini yake blanketi lililokunjwa. Mama akaweka kidole kwenye shavu la mwanawe.

“Hapa kulikuwa na kubwa,” akasema. “Ncha ya kidole inazama.”

Nikatazama kidole kilipo, nikatafuta mahali pale pale kwenye picha, nikachoma. Mama akapapasa. “Huyu umempiga chanjo. Hilo ni tundu, mimi nataka shimo.” Nikaiacha sindano ndogo, nikachukua ile nene ya kushonea magunia, nikaibutua ncha kwenye jiwe, na safari hii nikabonyeza bila kutoboa, nikizungusha kidogo. Karatasi ikaingia ndani. Mama akapapasa tena.

“Eeeh,” akasema. “Sasa chini yake kuna mawili pacha.”

Tukaenda hivyo, yeye kwenye uso wa mdogo wangu, mimi kwenye karatasi. Kando ya pua, yamepangana kama nyayo. Juu ya mdomo, dogo, lile lililokuwa linajaa povu akinyoa. Shavu la kulia hasa, mengi, yameshikana. Hakuwa anabahatisha. Akikosea alisimama, anarudisha kidole nyuma, “siyo, siyo, hapo palikuwa patupu,” anaendelea. Wala msidhani nilikuwa nimesamehe. Kila nilipobonyeza ile sindano nilijua ni wapi ningependa kuibonyeza, na Mheshimiwa naye alijua, kwa sababu alikuwa akinitazama kwa kona ya jicho.

“Tulia,” Mama akamwambia.

“Nimetulia, Mama.”

“Baba yako alikuwa akisema hivyo hivyo.”

Machozi yakaanza kumtoka, yakashuka mpaka kwenye kidole cha Mama. Akayafuta kwa kiganja, bila upole wowote. “Usinilowanishie njia, bado hatujamaliza.” Wifi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka huku analia.

Nilipodhani tumekwisha, nikaweka sindano chini. Mama alikuwa bado ameshika uso.

“Bado la kope,” akasema.

“Na kope pia?” Mheshimiwa akauliza kwa sauti ndogo.

“Kope ndilo la kwanza. Nilipokutana naye nilimwona hilo kabla sijamwona mwenyewe. Nikajiuliza, huyu akilala linakwenda wapi? Ndiyo maana niliolewa, nilitaka kujua.” Akaweka kidole juu ya jicho la mwanawe lililofungwa. “Hapa.”

Nikabonyeza.

Nikampa Mama karatasi mapajani. Hakugeuza kichwa pembeni kutafuta mwanga. Aliweka kiganja chote juu ya paji la uso wa Baba, akakishusha polepole, puani, mashavuni, mdomoni, akarudi juu tena. Akasimama kwenye kope.

“Haya, mkaidi,” akamwambia. “Umerudi.”

Tukairudisha picha kwenye fremu bila kioo. Mheshimiwa akapigilia msumari mahali ilipokuwa ikitundikwa ile ndogo, kimo ambacho mkono wa Mama unafika, akaitundika. Akashuka kwenye kigoda, akajipangusa mikono, na nikaona anatafuta maneno ya kufungia shughuli. Mama akamwahi.

“Sasa igeuze.”

“Niigeuze vipi, Mama?”

“Itazame ukuta. Si umesema unamfanyia baba yako alichotaka? Mfanyie.”

Alinitazama mimi. Nikatazama pembeni. Akaishika fremu kwa ncha za vidole, akaigeuza, tukabaki tunatazama mbao na misumari.

“Haya, nenda kazini.”

“Mama, kazi imeshakwisha saa hizi...”

“Nenda kazini!”

Akatoka. Tulimsikia akisimama nje, karibu na mlango, haondoki. Mama akainuka. Nilitaka kumshika mkono, akanisukuma. Akapita akigusa mgongo wa kiti, akagusa cherehani langu, akaupata ukuta, akaufuata kwa kiganja mpaka vidole vikagonga ukingo wa fremu. Akaigeuza. Akainyoosha isikae upande, akaweka kiganja kwenye shavu lenye mashimo, akakaa hivyo.

“Mwambie kesho apite mapema kabla ya kwenda ofisini,” akasema, bila kugeuka. “Baba yake alikuwa hachelewi.”

Nikafungua mlango, nikamwambia hivyo hivyo, bila kuongeza neno.